Kete Isiyolala

Kwanza ulikuwa mzaha.
Nilikwenda kuuliza vipi kompyuta itanijumlishia kilo za msimu,
na Shaame, bisibisi kinywani, simu ya mtu imepasuliwa mbele yake,
akanambia: Kujumlisha ni kazi ya kikokotoo.
Wewe iandikie bao.
Iandikie programu izitazame kete kabla hazijatembea,
iseme: hizi zitalala, hizi hazilali.
Wenye simu zao wakacheka.
Haiwezekani, akasema. Ndiyo maana nakupa.

Mimi ni karani wa mizani, kituo cha karafuu, Wete.
Mchana napima jasho la watu.
Usiku naiwasha kompyuta aliyoiacha marehemu ami,
kitufe cha M kimeng'oka,
kila nikiitaka M natia kidole tunduni
kama anayepapasa pengo la jino.

Sikujua safu ni nini.
Nikaandika mashimo thelathini na mawili, moja moja,
kila moja na jina lake, kila jina na mistari yake,
kurasa tisa.
Shaame akazisoma zote. Hakucheka.
Umechoka?
Nimechoka.
Haya, sasa nikufunze safu.
Kwetu mtu haonyeshwi pakacha
mpaka nazi zimdondoke mikononi.

Halafu kitanzi.
Kete zikatembea juu ya kioo, zikapinda kichwani,
zikaangukia shimo lenye wenzao, zikachotwa,
zikatembea, zikachotwa
tena
tena
feni ikavuma kama mzinga uliochokozwa,
na mama akagonga ukuta: Salhina, hulali?
Mimi nalala, mama.
Kete ndizo zilizokataa.

Mfungo Sita ukaingia, ukatoka.
Nilichora nyuma ya stakabadhi zilizoharibika,
nikajuana na makosa kama majirani:
la mabano yaliyoachwa wazi,
la mstari wa arubaini, ambalo siku zote liko mstari wa thelathini na tisa,
la shimo lisilokuwepo.
Hilo la mwisho ndilo lililonifunza
kwamba mashine huanza kuhesabu kwenye sufuri,
kama mtoto asiyetimiza mwaka
na tayari keshawakesha watu.

Siku moja nikamuuliza Faki muuza barafu,
anayewafunga bao watu wazima huku barafu yake inayeyuka:
Wewe unajuaje kama zitalala?
Akanitazama kama niliyeuliza njia ya kwenda nilipo.
Takata, utajua.

Nikarudi nyumbani na maneno hayo mawili.
Wiki nzima nilitafuta njia ya kuyapita.
Njia haikuwepo. Kila mlango niliofungua
ulinipeleka kwenye bao lile lile, zamu ile ile,
na mtu wa kutakata ni mimi.

Katikati ya hayo, jioni, nikisubiri maji ya bomba,
niliandika ile ya kilo.
Mistari kumi na miwili.
Ndoo haijajaa, nayo imekwisha,
sikuhisi hata kama nimeandika kitu.
Nikaipa daftari la mwaka jana, kwa kuijaribu tu,
ikanitolea kilo tisa za Bi Asaa wa Kiuyu
zilizopotea.
Nikafunua ukurasa.
Kalamu ilikuwa yangu.

Bi Asaa alizihesabu pesa mara mbili,
akazifunga pembeni mwa kanga,
akasema: Mimi nilijua,
akatoka.

Shaame akauliza: Na bao?
Nikamwambia kuna usiku inasema zitalala
na alfajiri naikuta bado zinazunguka.
Nipe jengine.
Alifikiri, bisibisi kinywani.
Iandikie mvua, akasema. Ijue kabla ya wingu.

Nje, kando ya lami, majamvi yamejaa karafuu mbichi,
na wanawake wakizigeuza kwa nyayo, taratibu,
hakuna hata mmoja aliyetazama juu.