Rudia Hapo

Barua ilisema nafasi ipo, ila kwa sharti,
na sharti lenyewe herufi moja:
C ya hisabati, pale nilipokuwa na D
iliyokaa kwenye cheti kama tumbo la mtu aliyeshiba.

Wiki sita, mama akasema,
akihesabu elfu nane za chama juu ya mkeka,
noti za mia mia, zanukia iliki.
Miaka minne haikutosha, wiki sita zitatosha?
Hakuniuliza mimi. Aliziuliza noti.

Chumba kiko Mwembe Tayari, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro.
Ukipanda ngazi saa mbili asubuhi, mwezi wa Februari,
shati limeshakuganda mgongoni kabla hujaufikia mlango.
Feni ya darini ina mapanga mawili; la tatu
Mwalimu Mwachiro hulitumia kama rula.

Tulikuwa kumi na mmoja.
Mwakio, aliyetaka uhandisi kwa ajili ya kreni za bandarini.
Hafswa, aliyeweza kulala macho wazi.
Mimi nyuma, dirishani,
kama nilivyokaa shule nzima,
nikitikisa kichwa kila nilipoulizwa, "Tuko pamoja?"
Hatukuwa pamoja.
Wao walikwenda. Mimi nilibaki Kidato cha Kwanza,
kwenye sehemu.

Na mbele kabisa Bi Zuwena wa Kisauni,
miaka arubaini na minne, mjukuu mmoja,
miwani imefungwa kwa uzi mweusi,
aliyetaka kusomea uuguzi
baada ya miaka kumi na tisa ya kusukuma vitanda vya wagonjwa.
Siku ya kwanza, dakika ya saba, mkono juu.
"Mwalimu, hapo sikufahamu. Rudia."
Mwalimu akarudia.
"Bado. Rudia tangu pale ulipoihamisha ile tatu."
Tukacheka. Mwakio alicheka mpaka akapaliwa.
Bi Zuwena akageuka taratibu, kama anayegeuza chapati.
"Nyinyi mmefahamu? Haya, wewe wa dirishani,
njoo utuonyeshe tatu imekwenda wapi."

Kutoka dirishani hadi ubaoni ni hatua tisa.
Nilizihesabu; ndiyo hesabu pekee niliyoiweza siku hiyo.
Nikasimama na chaki. Huko chini mtu alikuwa akipiga godoro
kulitoa vumbi, pu, pu,
na ile tatu sikujua ilikokwenda.
Nikasema, kwa sauti ambayo shuleni sikuwahi kuitoa:
sijui.
Hakuna kilichoanguka.
"Ahaa," akasema Mwalimu, "sasa tuko pamoja."

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo, nisiwadanganye.
Logi zilinitesa. Kitabu changu cha majedwali kilikosa ukurasa wa sita,
nikawa nauazima kwa Hafswa kama chumvi.
Jasho lilidondokea mlinganyo, likala alama ya kutoa,
nikapata jibu zuri la swali ambalo hakuna aliyeuliza.
Wiki ya nne nililala na viatu.
Ila mkono wangu ulishaijua njia ya kwenda juu.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Msimamizi mgeni, tai shingoni,
akayasoma maagizo mbio mbio,
na kule mbele, kwa mazoea, mkono wa Bi Zuwena:
"Hapo, mwanangu, rudia."
Safari hii hakuna aliyecheka.
Kumi na mmoja sote, kalamu juu, tukimngoja arudie.

Nimepata C. Nyembamba, lakini C.
Bi Zuwena amekosa kwa alama mbili.
Nilimpigia bila kujua la kumwambia,
nikasikia magurudumu ya kitanda yakilia sakafuni.
"Ntarudia," akasema, "wa Julai wanaanza tarehe tatu.
Wewe nenda. Na huko usikae dirishani."
Kisha, si kwangu: "Polepole, baba, uinue mguu,"
na kwangu: "Ngoja, lifti imefika."
Simu ikakatika.