Ugonjwa Wenye Miguu Minne

Miaka kumi na tisa niliandika watoto wa Kadutu
katika daftari kubwa lenye mgongo wa kitambaa:
jina, tarehe, baba, mama, shahidi, muhuri.
Mgongo wa daftari ulichanika. Wangu ukafuata.

Nilianza kuinuka nikishika meza.
Kisha meza na ukuta.
Kisha mguu wa kushoto ukawa unalala kazini
hata kelele za foleni hazikuuamsha.

Dokta wa Nyawera, kijana, kalamu tatu mfukoni,
akapima sukari, akapima damu, akauliza:
"Mama Nsimire, kwa siku unakaa saa ngapi?"
Nikahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha.
"Ugonjwa wako," akasema, "una miguu minne."

Nilicheka mpaka kwenye ngazi.
Kisha sikucheka.

Maana kiti hicho, dokta, hujui kilikotoka.
Mama yangu alikibeba gunia kwa gunia
kutoka bandarini hadi sokoni: mihogo, makaa, saruji,
ukanda umekaza kwenye kipaji cha uso,
macho yakisoma udongo tu.
Kila gunia lilikuwa karo. Akitua, akihema, alisema:
"Soma, mwanangu, ili siku moja ukae."
Nikasoma. Nikakaa.
Yeye mzigo ulimkunja kutoka juu.
Mimi nimekunjwa kutoka chini, na kitu laini.

Jumatatu nikaomba kreti mbili tupu
kwa muuza bia wa ng'ambo ya barabara,
nikazipanga juu ya meza, daftari juu yake,
nikasimama.
Mulumeoderhwa wa dirisha la vifo akajipiga ishara ya msalaba:
"Padri, misa inaanza saa ngapi?"
Kufikia saa sita nyayo zilikuwa zinawaka,
viatu vimebana kama deni,
nikajua kusimama nako kuna kesi yake.
Basi ukurasa mmoja wima, ukurasa mmoja nimekaa,
na cheti cha kutiwa sahihi nakipeleka mwenyewe
kwa mkubwa ghorofani, ngazi thelathini na moja,
kijana wa kutumwa akinitazama
kama mtu aliyeibiwa.

Lakini kuna jambo dokta hakuniambia.
Wale wanaopanga mstari tangu alfajiri,
mtoto mgongoni, mwingine bado tumboni,
miaka yote niliwajua kwa vifungo vya blauzi.
Sasa nikiinua uso, kuna uso.
"Jina la mtoto?"
"Asifiwe."
Mama yake ana kovu dogo juu ya mdomo
na anaogopa nitaandika vibaya.
Nikageuza daftari, akasoma herufi moja moja.

Mwezi wa tatu mguu uliacha kulala.
Sukari imeshuka kidogo, si sana; dokta hakunisifu.
Kiti nilikinunua mimi, serikali hainunui viti.
Ijumaa nikakifunga kwa ukanda wa mama,
nikauweka kwenye kipaji cha uso, nikapanda nacho.
Mvua ya saa tisa ilikuwa imefanya udongo sabuni.
Vijana wakauliza, "Mama, wamekufukuza?"
Sikujibu. Pumzi ilikuwa na kazi nyingine.
Dunia ni ndogo sana chini ya ukanda:
kisigino cha aliye mbele, jiwe,
kisigino.

Mama alikuwa mlangoni, kwenye kigoda chake.
Alitazama ukanda kwanza, kisha mimi, kisha kiti.
"Umefunga vibaya," akasema.
Akakaa. Akasogea kulia, akasogea kushoto.
"Kina shimo la mtu."
"Ni langu, mama."
Akanyamaza, mikono juu ya magoti,
akiwatazama wanawake wanaopanda na mizigo
mpaka giza likawafuta, zikabaki hatua zao.

"Kumbe ndivyo kulivyo," akasema.
Kisha, baada ya muda:
"Nisaidie kuinuka."