Juzuu ya Pili

Kwenye rafu yangu kuna juzuu ya kwanza, kisha ya tatu,
na katikati pengo la vidole vitatu
ambalo sijaliziba.
Wageni hudhani nilimwazima mtu, na mtu ni mtu, hakurudisha.
Nawaacha wadhani.

Vanadzor, baridi ya mwaka tisini na tatu.
Umeme ulikuja kama shangazi mwenye haraka:
hajavua koti, keshaaga.
Tulichoma viti vya jikoni, tukachoma mlango wa stoo,
ikafika zamu ya vitabu.

Baba, mkutubi wa kiwanda kilichofungwa,
aliketi sakafuni kama hakimu aliyesahau sheria.
Hotuba za chama zilitangulia, bila machozi,
na ajabu, zilikuwa na moto,
zilizokuwa baridi vile kuzisoma.
Ukafuata ufugaji wa nyuki,
ikafuata kamusi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani.
Mashairi aliyakataa.
"Membamba mno," alisema, "hayaivishi hata yai."
Nilijua ni uongo. Niliupenda.

Santuri hatukuchoma, zinanuka.
Mama alichomeka sindano ya cherehani kwenye bomba la karatasi,
akaizungusha santuri kwa kidole,
na mwimbaji akatoka humo mdogo, mwenye mafua,
akipunguza mwendo kila mkono wa Mama ulipochoka.
Hata leo nikiusikia wimbo ule redioni, kwa kasi yake halali,
najiuliza yule bibi anakimbilia wapi.

Alhamisi tulikwenda kwa Zaven.
Alikuwa na betri ya lori
na televisheni isiyozidi mkate.
Watu kumi na saba, na makoti yetu,
tukimtazama mpelelezi wa mji wa joto
ambako hakuna aliyevaa hata soksi.
Nani kauawa, hatukujali. Tulitazama taa.
Aliingia chumbani, akawasha, akatoka bila kuzima!
"Izime, mpumbavu!" alifoka bibi Hripsime,
tukacheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Sehemu ya mwisho, kidole kimenyooshwa, "Muuaji ni..."
betri ikakata roho.
Kwenye kioo likabaki doa jeupe,
likapungua, likapungua, likawa ncha ya sindano.
Gizani Zaven akasema, "Ni mimi."

Mwanangu ameipata tamthilia ile, yote, imesafishwa.
Kumbe ilikuwa ya rangi.
Kumbe shati la mpelelezi lilikuwa la kijani.
Nilitazama dakika kumi. Aliwasha taa, akatoka,
na sebuleni kwangu hakuna aliyesema neno.
Nikazima.

Lakini nilikuwa nasimulia juzuu ya pili.
Februari, dada yangu Arusyak ana homa.
Nilikuwa nimemaliza ya kwanza:
mjane yuko kituoni, amebeba tundu lenye ndege,
treni haijaja.
Baba alinitazama, hakusema kitu.
Nikaitia jikoni mwenyewe.
Kurasa zilijikunja kuanzia pembeni
nami nikadaka nilichoweza:
*hata hivyo*, *nusu*, *mlangoni*.
Maji yakachemka. Tukampa chai, tukamwambia ina sukari.
Huo ndio muhtasari wangu wa juzuu ya pili:
alikunywa, akalala.

Katika ya tatu mjane yuko nchi nyingine, ana mapacha, anacheka.
Ndege hatajwi.
Nimeisoma mara nne nikimtafuta.

Mwezi uliopita Arusyak, ambaye sasa ana wajukuu huko Lyon,
aliikuta ya pili kwenye meza ya vitabu chakavu, akanitumia.
Haijatoka kwenye karatasi yake.
Jana akapiga simu.
"Umesoma? Ndege alikufa?"
"Bado," nikasema. "Nina kazi nyingi."
Sina kazi yoyote.
Akanyamaza kidogo, kisha akasema:
"Ile chai haikuwa na sukari, unajua.
Nilijua siku ileile."