Picha ya Arobaini na Moja

Oulu, Januari. Saa nne asubuhi na giza
bado halijabanduka madirishani.
Tuulikki ananibandikia kidude pajini,
macho ya kamera yanifuate nikijitikisa.
"Itagonga kama kigogota, Ásllat. Wewe taja tu."

Kisu ni Alhamisi.
Leo ni sumaku, koili yenye umbo la nane
iliyoegemea juu ya sikio langu la kushoto,
jirani na kile kilichoota humo bila kukaribishwa.

Kikombe. Ko-ko-ko. Kikombe.
Ngazi. Ko-ko-ko. Ngazi.
Nyundo: ko-ko-ko, nyu
nyu
naiona, namjua hata fundi aliyeniuzia,
nakumbuka mpini uliopasuka mwaka wa mafuriko,
ila jina limebanwa mlangoni
kama pindo la koti.
"Safi," anasema Tuulikki,
anatia kitone chekundu kwenye ramani.

Kazi ya ajabu: nikikwama, wanafurahi.
Nilipojikwaa mimi, daktari atapita mbali.

Miaka thelathini na moja nilisambaza barua
kwa gari la theluji, hadi nyumba ya mwisho penye taa.
Nani angeniambia kwamba neno nalo lina mtaa?
Ulimi hauna mfupa, sawa,
lakini kumbe una anwani.

Picha ya arobaini na moja: glavu ya sufu,
isiyo na vidole. Kifini chake nakijua,
nimekitamka maisha yangu yote ya utu uzima.
Ko-ko-ko. Kimekatika.
Na kinywa, bila kuniomba ruhusa, kikasema:
fáhcca.

Tuulikki aliinua kichwa.
Neno hilo lilinisimamisha kona ya darasa
nikiwa na miaka saba, bwenini,
uso ukutani, hadi kengele ya chakula.
Tangu mama azikwe sijamwambia mtu.

"Hili ni kosa, au si kosa?"
Alihangaika na orodha yake ya rangi:
nyekundu kwa kimya, njano kwa kigugumizi.
Hakuna rangi ya hili.
Mwishowe akachagua buluu, akaweka kidole kwenye kibodi.
"Linaandikwaje?"

Mimi, mtu wa barua,
niliyesoma miandiko ya wilaya nzima,
sikujua. Shuleni hatukufundishwa kuliandika,
tulifundishwa kulinyamazia.
Nikamtajia herufi moja moja,
nikibahatisha,
naye akaandika.