Mstari Katikati ya Ukurasa

Mis Kalunde kapiga mstari kwa rula,
toka juu hadi chini:
kushoto Kiingereza, kulia maana.
Maneno kumi kila jioni.
Asiyeyajua kesho atafagia darasa.
Tukacheka, sisi wanafunzi wenye wajukuu,
kisha kila mtu akachonga penseli.

Mimi nayakariri hapa stesheni ya Tabora,
daftari limeegemea chupa za asali na mafungu ya karanga,
treni ya Kigoma ikichelewa kama desturi yake.

Asali ni hani. Hilo halikunipa taabu,
ila kuhani kwetu ni kwenda kwa mfiwa,
kuketi mkekani, kusema poleni;
tangu hapo nikimpa mteja chupa
ulimi unataka kusema pole.

Bai ni kununua. Bai ni kwaheri.
Wenzangu walinung'unika; mimi nikaona sawa tu:
dirishani pa behewa yote mawili huja pamoja,
noti inashuka, chupa inapanda,
chenji ningali nayo mkononi
na magurudumu hayoo.

Lililonikwamisha ni la saba: mis.
Nikaandika kulia, kukosa.
Kukosa treni. Jiwe kumkosa ndege.
Mwalimu naye ni Mis, kwa kuwa hajaolewa;
sikuuliza yeye kakosa nini.
Halafu akaniongezea kwa wino mwekundu:
kuwa na hamu na mtu aliye mbali.
Kumbe! Wajukuu wangu hulimwaga bure kwenye simu,
nimekumisi, nimekumisi, bibi tutumie vocha.
Sikujua ni neno lile lile.

Mihambo wangu alipanda la Mwanza
mwaka ule tumbaku ilipodorora ghalani.
Alisema wiki mbili.
Reli inaingia hapa moja, inatoka mbili,
na anayegeuza njia hajui nani yuko ndani.
Sasa nikisema nimemmisi Mihambo,
nimesema nini?
Kwamba nilichelewa?
Kwamba nilimrushia neno likapita pembeni?
Au kwamba usiku navuta shuka lote peke yangu
na bado ni pana?

Nafasi ya kulia ni vidole vitatu.
Nikaiacha wazi.

Kesho yake nikafagia: vumbi la chaki,
kifuniko cha kalamu,
na maganda ya karanga, yangu mwenyewe.