Siku ya Tatu, Jembe

Ijumaa, ofisi ya ushirika wa warina asali, Isevya,
nilimkaribisha mgeni.
Sikumtandikia kitanda. Nilimpimia
gigabaiti nne za kumbukumbu, diski ya arobaini,
mashine pepe, nyumba isiyo na tofali hata moja
ndani ya seva nyeusi iliyokuja kwa treni
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa.

Linux, toleo jipya kabisa.
Alibisha hodi. Nikasema karibu.
Akatia mguu mmoja kizingitini, akaanguka.

Mistari sita myeupe juu ya weusi,
wa mwisho ukisema: prosesa hii haina ninachohitaji.
Kerneli ikataharuki,
halafu kimya.

"Mashine imezeeka," alisema Kasele wa hesabu
bila kuinua macho kwenye risiti za ndoo.
"Nilisema tununue mpya."
Aliyasema hayo pia kuhusu mizani,
na pikipiki,
na nadhani kuhusu mimi.

Jumamosi nilisumbua wasio na hatia.
Nilipakua faili upya kwa bando langu mwenyewe,
nikalihakiki tarakimu kwa tarakimu: zima.
Nikaongeza kumbukumbu. Akaanguka.
Nikapunguza. Akaanguka palepale,
kwa adabu, kama aliyeoneshwa pa kuangukia.
Nikaingia bayosi: swichi ya kupokea wageni
ilikuwa imewashwa tangu enzi za mwenye mashine wa kwanza.
Saa nne usiku umeme ukakatika.
Nikashukuru.

Jumapili, treni ya Mpanda ikipiga honi stesheni,
nikamuuliza mwenyeji mwenyewe: wewe una nini?
Akanimwagia bendera zake, mstari baada ya mstari:
kuhesabu biti zinazowaka kwa pigo moja,
kulinganisha maneno marefu bila kutua,
kufunga siri, kufungua siri,
na vifupi vingine nisivyojua kuvitamka.
Nikavinakili nyuma ya kalenda.
Kisha nikamwita mgeni wa zamani, yule anayekula chochote,
nikamuuliza: huyu mwenyeji wako kakwambia ana nini?
Jibu lake lilienea kiganjani.

Kumbe.
Darini una matobolwa magunia mawili,
michembe imejaa chini ya uvungu,
na mgeni unamwambia: mwanangu, hapa hata sisi
jana tumelalia maji.

Sikumlaumu sana. Aliyepanga hivyo alikuwa na sababu yake:
onesha kile tu kilichopo kwa kila jirani,
ili siku mgeni akihamishiwa nyumba nyingine
asije akatafuta chumvi isiyokuwepo.
Lakini sisi jirani hatuna.
Seva moja. Meza moja.
Feni moja, imefungwa kwa waya wa kutundikia mizinga.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nikahesabu kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi, leo.
Kwenye kisanduku cha aina ya prosesa
nikafuta jina la kubuni, la mtu wa wastani asiyezaliwa popote,
nikachagua lile linalomaanisha mwenyeji,
yaani: mwoneshe ulivyo.

Hodi.
Karibu.
Akavuka. Akauliza lugha, akauliza saa za Tabora,
akataka nywila ndefu kuliko niliyokuwa nayo.
Kufikia adhuhuri alikuwa ameshika mpini,
analima daftari la mizinga la Sikonge
toka ukurasa uliolowa asali hadi wa mwisho.

Jumatatu Kasele alisimama nyuma ya kiti changu.
"Wamekuletea mpya?"
"Ileile."
"Umebadilisha nini?"
"Neno moja."
Akacheka, akidhani namficha.

Alipotoka nilivuta droo kutafuta kalamu,
nikakutana na fomu yangu ya kuombea kazi, mwaka juzi,
mwandiko wangu, wino wangu:
Nyamizi Kapela. Ujuzi wa kompyuta: wastani.