Bustani ya Mabua

Jumamosi tuliamka kabla ya birika.
Vilius akapasha moto gari letu kuukuu,
lile lenye mlango mmoja wa buluu ulioazimwa kwa gari jingine,
nami nikatia kikapuni mkasi, jibini, mkate mweusi
na soksi za akiba, kwa kuwa Motiejus
hajaliona bado dimbwi akalipisha.

Kutoka Utena hadi shambani kwa mzee Povilas
ni mwendo wa saa nzima, ukihesabu
Jorė kushuka kutapika
na baba yake kushuka kukagua tairi
lisilo na ugonjwa wowote.
Ndivyo alivyo. Siku tano yuko na lori,
Gdansk, Poznan, kahawa ya vituo vya mafuta,
na siku ya sita masikio yake
bado yanasikiliza magurudumu.

Povilas alitubakishia ukingo mmoja wa rai,
nafaka ya mkate wetu,
nami rai yangu kwao ilikuwa moja tu:
chagueni yaliyonyooka.
Jorė akayapanga mabua kwa unene.
Motiejus akayapanga kwa utamu.
Vilius akalala chali kwenye masalia ya shamba,
kofia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti
nikamsikia akikoroma mchana.

Jumapili mvua. Heri mvua.
Tukayaloweka mabua kwenye sufuria ya supu
mpaka jikoni kukanuka zizi na asali,
tukayakata urefu wa kidole cha kati,
kidole cha marehemu Bronė, mama mkwe,
aliyezifanya hizi kwa maharusi wa kijiji kizima
bila rula, bila miwani,
akisema uzi una akili kuliko mshonaji.

Kwetu kitu hiki huitwa bustani,
ijapokuwa hakioti wala hakimwagiliwi.
Mabua kumi na mawili, uzi mmoja,
sindano inaingia huku inatokea kule,
na mara hewa inapata pembe.
Kisha jingine chini yake, kisha madogo pembeni,
hadi yawe mengi ya kuning'inia juu ya meza
pale watu wanapolia chakula
na kugombana kuhusu bili ya kupasha nyumba.

Tukaning'iniza na majani ya mpera
niliyoyachovya kwenye nta ya mishumaa iliyobaki,
yafunike lile doa la unyevu darini
ambalo mwenye nyumba ameahidi kulipaka
tangu Jorė hajaota meno.

Vilius naye akataka kujaribu.
Vidole vile hufungua nati zilizoshika kutu;
bua la kwanza likapasuka, na la pili,
la tatu akalisemesha lugha ya madereva
na watoto wakaanguka kwa kicheko.
Nikamwambia, kuvunjika kwa bua si mwisho wa bustani.
Akatengeneza pembetatu moja.
Moja tu, imepinda kama goti la mbuzi,
uzi umeviringwa mara nane kwa hofu.

Jorė alitaka kuifungua aifunge upya.
Nilimzuia. Sijui kwa nini nilimzuia.
Tukaiweka chini kabisa, katikati,
na bustani nzima ikainama upande mmoja,
upande wa mlango.

"Ni nyumba ya ndege?" akauliza Motiejus.
"Hapana."
"Ni ya nini basi?"
Nikasema tule, supu inapoa.

Jumatatu, saa kumi na nusu alfajiri,
alivaa viatu gizani asituamshe,
na sote tulikuwa macho.
Mlango ukafungwa polepole
kama mtu afunikaye sufuria.
Nikaenda jikoni bila kuwasha taa.
Ile pembetatu yake ilikuwa inazunguka,
ikavuta na zilizonyooka zote nyuma yake,
robo mzunguko, ikasita, ikarudi.

Nikasimama nikiitazama
mpaka upepo wa mlango ulipoisha.
Kisha nikaanika soksi.